Msasa

Mimi ni fundi wa mabango, Kibuye, nyuma ya wauza mitumba.
Sina chama. Nina brashi saba, tapentaini,
na msasa namba themanini.

Wakati Chungu walipokuwa upinzani
Ogweno alikuja mwenyewe, jasho likimchuruzika shingoni.
Andika kwa damu ya mzee, akasema, herufi za shibiri moja:

MAKATO YA MATIBABU NI WIZI.
VITA VYA WENYEWE HAVITUHUSU.

Nikaandika. Akalipa nusu.

Wiki hiyohiyo Mzinga walileta ubao wao, rangi ya samawati:

CHANGIA LEO, UTIBIWE KESHO.
KENYA NI NGAO YA JIRANI.

Radido wa Mzinga alikagua kila nukta,
akanifunza uzalendo huku akitafuta chenji mfukoni.

Kisha kura zikapigwa, kibao kikageuka.
Nasema kama fundi: kiligeuka kwelikweli,
kikaletwa na mkokoteni, kikalazwa kifudifudi mlangoni pangu.
Ogweno sasa ana bendera kwenye gari.
Kijana wake akanikabidhi karatasi:
CHANGIA LEO, UTIBIWE KESHO.
Nikadhani amechanganya bahasha.
"La, fundi. Ni hayohayo. Ila rangi iwe yetu."

Na Radido? Radido alilia. Nilimwona kwa macho yangu,
matanga ya askari mmoja, kijana wa Nyalenda,
amekumbatia kipaza sauti kama mjane:
Watoto wetu wanamfia nani ugenini?
Na makato haya, ndugu zangu, si wizi huu?
Jumatatu akataka nimwandikie hayo kwa samawati.
Nikamwuliza, Mzee, si wewe uliyewapeleka?
Akacheka, cheko la mtu anayejua bei yangu.

Radido alipoumwa jino, alipanda ndege.
Ogweno alilitukana jino lile mikutano saba.
Leo goti la Ogweno linakandwa ng'ambo,
na nasikia walikutana huko, ukumbi wa hospitali,
mmoja na shavu, mmoja na mkongojo,
wakakumbatiana, wakaulizana hali za watoto.

Dada yangu Akeyo husafishwa damu Jumanne na Ijumaa,
mashine ikikubali.
Enzi ya Mzinga mfumo ulikuwa chini.
Enzi ya Chungu mfumo uko chini.
Karani hasemi tena, ananyoosha kidole tu kwenye skrini.
Tunakaa benchini, faili magotini, miguu yake imevimba
hadi kamba za ndara zimezama nyamani.
Kwenye televisheni ya ukutani, sauti imezimwa,
Ogweno anapeana mkono na mgeni mwenye tai,
yuleyule aliyemwita beberu mwaka wa kampeni.
Mkono hauachiliwi. Kamera zinataka tena.

Akeyo hakutazama televisheni. Alitazama dirishani,
ng'ambo ya barabara, lilipo bango.
"Hiyo K ni yako," akasema.
"Mkia wake naujua tangu ulipokuwa ukichafua kuta za mama."
Sikujibu.
Hela ya K hiyo ndiyo iliyolipa tuktuk.
Hela ya K nyingine, ya samawati, ilinunua dawa za presha.
Nimekula kwa Chungu, nimelamba Mzinga,
na dada yangu amekunja mkono wenye plasta
akisubiri mashine ikubali.

Jana ubao umerudi. Kuna uchaguzi mdogo, wanataka maneno mapya.
Usiku nimepiga msasa upande wa kulia,
vumbi la rangi puani, koroboi ikiyumba,
na chini ya maneno ya juzi yakachomoza ya zamani.
Kushoto sijagusa bado.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasoma:

CHANGIA NI WIZI.
KENYA HAVITUHUSU.

Sarufi imevunjika. Mwalimu wangu angenichapa.
Kijana atakuja saa mbili asubuhi kuuchukua.
Tapentaini imebaki robo,
na kesho ni Ijumaa.